SOMO LA URAIA: MAHAKAMA YA RUFANI

Juma lililopita tulizungumza juu ya Mahakama ya Mwanzo. Leo tutapanda ngazi mpaka juu kabisa, tuifikie Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni neno RUFANI. Darasa lisome pamoja. Vema.

Kukata rufani ni kuipinga hukumu mbele ya mahakama iliyo kubwa zaidi. Tuseme ndugu wawili wanagombea nyumba ya marehemu baba yao. Shauri la mirathi limeanza Mahakama ya Mwanzo. Aliyeshindwa anakwenda Mahakama ya Wilaya. Akishindwa tena, anakwenda Mahakama Kuu. Juu ya hiyo imebaki moja tu, na ikiisha kutoa hukumu, hakuna mahakama nyingine ya kuiendea.

Zamani neno hilo la mwisho halikutoka kwetu. Wakati wa Waingereza rufani zilikwenda Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, ambayo makao yake yalikuwa Nairobi, na toka huko ziliweza kuvuka bahari mpaka kwenye baraza la Mfalme mjini London. Hebu fikirini gharama yake! Mkulima wa Sumbawanga angeipata wapi? Tanganyika ilipokuwa Jamhuri mwaka 1962, rufani za London zilikomeshwa. Ile mahakama ya Afrika ya Mashariki ikaendelea, mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Mwaka 1979 tukaanzisha yetu wenyewe. Leo inapokea rufani za Zanzibar pia, isipokuwa mambo machache, kama yale ya Kiislamu yaliyoanzia mahakama za kadhi.

Majaji husikiliza rufani wakiwa watatu. Wakitofautiana, hufuatwa neno la walio wengi. Kwa kawaida hawaiti mashahidi upya. Husoma yaliyoandikwa katika mahakama za chini, husikiliza hoja za pande mbili, kisha huamua kama sheria ilifuatwa. Kwa hiyo mambo uliyonyamaza nayo katika Mahakama ya Mwanzo ni vigumu sana kuyaleta huku juu.

Turudi kwa ndugu zetu wawili, maana hapa ndipo watu wanapopoteza haki yao. Mwenye kutaka kwenda Mahakama ya Rufani hutoa taarifa ya maandishi ndani ya siku 30. Siku hizo zinahesabiwa tangu hukumu ilipotolewa, si tangu ulipopewa karatasi ya hukumu. Wengi huketi nyumbani wakiingoja karatasi, na siku zinakwisha. Nakala iombwe kwa barua ndani ya siku hizo hizo 30, na mpinzani apewe nakala ya barua hiyo. Tena, kwa kuwa shauri hili lilianzia Mahakama ya Mwanzo, lazima Mahakama Kuu ithibitishe kwanza kuwa ndani yake limo swali la sheria. Kusema tu "sikuridhika" hakutoshi.

Je, Serikali yenyewe inaweza kushindwa huko? Ndiyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi, na hata 14 kwa ruhusa ya mahakama, lakini mvulana mpaka 18. Bibi Rebeca Gyumi aliipinga, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufani. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufani yake. Lakini mahakama haiandiki sheria mpya. Kazi hiyo ni ya Bunge, nalo tutalisoma juma lijalo.

Sasa kazi ya darasa. Hukumu imetolewa tarehe 3 Machi. Karatasi umepewa tarehe 20 Machi. Siku ya mwisho ya kutoa taarifa ni ipi? Hesabuni, kisha andikeni jibu katika madaftari yenu. Kwaherini.