Homa ya Mzee Keller

Paukwa? Sogeeni, wanangu. Leo sina sungura wala fisi. Nina nyumba moja yenye uongo ndani, na karibu kila aliyemo anaunusa ila anajitia hamnazo.

Mnaujua mtaa wa Bardia, huo ulio ng'ambo ya barabara kuu ukitoka hapa Ingleburn? Jina lake ni la mji wa Libya ambako askari wa Australia walipigana Januari 1941. Baadhi yao walifunzwa hapo mtaani, katika kambi ya jeshi iliyoanzishwa mwaka 1939. Kila nikipita nawawaza mama zao. Mwana ukimzika, unalia ukamaliza tanga. Asiyeonekana, utamlilia vipi? Ndipo naikumbuka tamthilia ya Mmarekani Arthur Miller, All My Sons, iliyoonyeshwa mara ya kwanza New York Januari 1947.

Mama Keller mwanawe Larry, rubani, alipotea vitani zaidi ya miaka 3 iliyopita. Wengine wamekubali kwamba kafa. Mama hataki. Mti wa tufaha waliopanda kumkumbuka umevunjwa na upepo usiku, naye anaona ni ishara: walifanya haraka kumzika. Ann, mchumba wa Larry, sasa anapendana na Chris, kaka yake Larry. Mama hataki hata kusikia.

Msimwonee huruma kwanza, ngojeni. Mumewe, Joe, ana kiwanda. Wakati wa vita kilitoa silinda hedi za ndege zenye nyufa. Nyufa zikazibwa, mzigo ukapelekwa jeshini, marubani 21 wakafa. Joe alisema siku ile alikuwa nyumbani, anaumwa homa. Akaachiwa. Mshirika wake, baba yake Ann, ndiye aliyeozea jela.

Basi anakuja George, kaka yake Ann, ametoka kumwona baba yake gerezani, amevimba kwa hasira. Mama anampokea kwa juisi ya zabibu yenye barafu, anamtania, anamlea kama zamani. Hasira inayeyuka. Maongezi yananoga, mama anamsifia mumewe: huyu miaka 15 hajaugua hata siku moja. Joe anadakia upesi: isipokuwa ile homa! George anatulia. Homa gani?

Hapo mimi huwa nashindwa kupumua. Joe hakuumbuliwa na polisi. Kaumbuliwa na mkewe aliyekuwa anajivunia afya yake.

Na sasa ndio mnaweza kumwelewa mama. Larry akiwa amekufa, basi moyoni mwa mama aliyemuua ni baba yake. Kwa hiyo lazima awe hai. Joe naye anajikinga kwamba Larry hakurusha ndege za aina ile. Na Chris, yule mwema? Mwishoni anakiri alimshuku baba yake, akanyamaza. Huyo ndiye anayeniuma zaidi, maana alimpenda kweli.

Ann ana barua. Larry alisoma habari za baba yake gazetini, akaona aibu isiyobebeka, akaruka akikusudia asirudi. Joe anasomewa. Anasema anaingia ndani kuchukua koti lake. Unasikika mlio wa bunduki.

Mama amesimama uani, karibu na kisiki cha ule mti, amemkumbatia Chris. Mara hii hasemi kwamba Larry atarudi.