Majarida ya Mashabiki wa Kandanda: Kutoka Kelele za Jukwaani hadi Hoja ya Maandishi

Ikisiri

Jarida la mashabiki ni chapisho linaloandikwa, kuhaririwa na kuuzwa na wafuasi wa klabu wenyewe, bila idhini wala fedha za klabu. Makala hii inaeleza jinsi majarida ya aina hiyo yalivyoenea miongoni mwa wafuasi wa klabu za ligi za Uingereza na Uskoti katika miaka ya 1980, sifa zake za lugha, na namna jarida moja, Voice of the Valley la wafuasi wa Charlton Athletic, lilivyochangia kuirejesha klabu hiyo uwanjani kwake mwaka 1992. Hoja kuu ni kwamba nguvu ya majarida hayo haikutokana na wingi wa wasomaji. Ilitokana na kuigeuza kauli ya jukwaani, ambayo hupotea mara filimbi ya mwisho inapopulizwa, kuwa maandishi yenye tarehe ambayo mamlaka zililazimika kuyajibu. Makala inamalizia kwa kuitazama lugha ya mashabiki wa Afrika Mashariki na kupendekeza hatua za kuihifadhi.

1.0 Utangulizi

Tunapozungumzia Kiswahili cha kandanda, mara nyingi tunakusudia Kiswahili cha mtangazaji wa redio au cha mwandishi wa gazeti la michezo. Shabiki tunamtaja kama msikilizaji na msomaji. Anapotajwa kuwa mtumiaji wa lugha, hutajwa kwa nyimbo, vigelegele na utani wake, yaani kwa lugha ya papo kwa papo. Ni nadra kumtazama kama mwandishi.

Mtazamo huo unajitokeza hata katika matangazo ya klabu zetu. Nchini Tanzania, taarifa ya klabu kwa umma huzoeleka kuelekezwa kwa “wanachama, wapenzi na mashabiki”. Mpangilio wa maneno hayo matatu haukutokea kwa bahati. Mwanachama ana kadi na kura. Mpenzi na shabiki wana moyo na kiingilio. Anayetajwa mwisho ndiye aliye wengi zaidi na ndiye asiye na nafasi rasmi ya kusema. Swali linaloongoza makala hii ni hili: shabiki asiye na kura anapoamua kuandika, lugha yake hubadilika vipi, na mabadiliko hayo huwa na athari gani kwa wanaofanya maamuzi?

2.0 Dhana na istilahi

Neno la Kiingereza linalotaja machapisho haya liliundwa Marekani mwaka 1940 kwa kuunganisha neno la shabiki na neno la jarida. Wakati huo lilihusu vijarida vya wapenzi wa hadithi za kubuni za kisayansi. Katika miaka ya 1970 lilihamia kwa wapenzi wa muziki wa panki. Sniffin' Glue, kilichoanzishwa London mwaka 1976, ni miongoni mwa vielelezo vyake maarufu. Kutoka hapo liliingia katika kandanda.

Kwa Kiswahili mtu anaweza kulitohoa neno hilo na kusema fanzini. Makala hii inatumia jarida la mashabiki kwa sababu istilahi hiyo inajieleza yenyewe. Hata hivyo, mpaka wake unahitaji kuchorwa wazi. Jarida linalotolewa na ofisi ya klabu kwa ajili ya mashabiki si jarida la mashabiki kwa maana hii, wala gazeti la biashara lenye kurasa za klabu si jarida la mashabiki. Sifa bainifu ni mbili: waandishi ni mashabiki, na hakuna aliye juu yao wa kuwakataza kuchapisha.

3.0 Mazingira ya kuzuka

Kulikuwa na watangulizi. Foul, jarida la kejeli kuhusu kandanda kwa jumla, lilitoka kati ya mwaka 1972 na 1976. The City Gent, la wafuasi wa Bradford City, lilianza mwaka 1984. When Saturday Comes, lisilofungamana na klabu moja, lilianza Machi 1986. Kufikia mwisho wa muongo huo majarida yalikuwa yameenea katika ngazi zote za ligi.

Mazingira ya kijamii yalikuwa ya huzuni. Tarehe 11 Mei 1985 moto uliteketeza jukwaa la uwanja wa Bradford City na kuua watu 56. Siku 18 baadaye, katika uwanja wa Heysel mjini Brussels, watu 39 walikufa kabla ya fainali kati ya Liverpool na Juventus. Katika vyombo vya habari na katika siasa, shabiki alizungumziwa kama tatizo la usalama. Serikali ya Uingereza ilitaka kila mtazamaji awe na kitambulisho maalumu, na mpango huo ukaingizwa katika sheria ya watazamaji wa kandanda ya mwaka 1989. Aprili mwaka huohuo msongamano katika uwanja wa Hillsborough ulisababisha vifo ambavyo leo vinahesabiwa kuwa 97. Ripoti ya mwisho ya Jaji Taylor, iliyotolewa Januari 1990, ilipinga mpango wa vitambulisho, na serikali ikauweka kando.

Katika mazingira hayo mashabiki walikuwa wanasemwa, lakini hawakuwa wanasema. Chama cha Football Supporters' Association, kilichoundwa mwaka 1985 baada ya Heysel, kiliwapa sauti ya kitaifa. Majarida yaliwapa sauti ya kila klabu na kila mtaa. Nyenzo zake zilikuwa hafifu: mashine ya chapa, mkasi, gundi na mashine ya kurudufu. Nakala ziliuzwa kwa mkono nje ya uwanja kabla ya mechi, na gharama ndogo ndiyo iliyoufanya uhuru wa mhariri uwezekane, kwa kuwa hakumtegemea mtangazaji wa biashara wala mwenye klabu.

4.0 Sifa za lugha

Sifa ya kwanza iko katika majina. Wafuasi wa Celtic, klabu ya Uskoti ambayo ilikuwa na gazeti lake rasmi liitwalo Celtic View, waliliita jarida lao la mwaka 1987 Not the View. Jina zima ni ukanushi: linamwambia mnunuzi kwamba alilolishika si lile la ofisini. Wafuasi wa Middlesbrough walichagua Fly Me to the Moon, kutokana na kauli ya kocha wao, Bruce Rioch, aliyemsifu beki Tony Mowbray kwa kusema kuwa ndiye ambaye angependa kusafiri naye hadi mwezini. Mgeni analiona jina la wimbo. Mwenyeji anasikia sifa ya beki wake. Jina linafanya kazi ambayo fumbo hufanya katika jamii zetu: linachuja anayejua na asiyejua.

Sifa ya pili ni matumizi ya nafsi. Taarifa ya klabu husema “klabu imeamua”. Jarida la mashabiki husema “sisi”, na katika “sisi” hiyo wachezaji na watazamaji wamo, ilhali wakurugenzi mara nyingi hawamo. Kiisimu ni badiliko dogo, lakini kisiasa ni kubwa, kwa sababu linadai umiliki wa klabu kwa kutumia kiwakilishi tu.

Sifa ya tatu ni mchanganyiko wa rejesta. Katika ukurasa mmoja msomaji hukuta matusi mepesi ya jukwaani, katuni ya mwamuzi, kisha uchambuzi wa hesabu za klabu. Lugha ya mtaani haiondolewi ili hoja ionekane ya maana; huachwa palepale, na hoja ikajengwa juu yake. Safu ya barua nayo humgeuza msomaji wa toleo hili kuwa mwandishi wa toleo lijalo.

Haifai kuyapamba majarida haya kupita kiasi. Waandishi wengi walikuwa wanaume, na baadhi ya dhihaka zao ziliumiza watu wasiohusika. Lakini yapo pia yaliyoukabili ubaguzi waziwazi. Nchini Ujerumani, Schalke Unser, lililoanza mwaka 1994, linatolewa na kikundi cha wafuasi wa Schalke kilichoundwa kupinga ubaguzi wa rangi. Jina lake linacheza na maneno ya kwanza ya sala ya Baba Yetu kwa Kijerumani.

5.0 Mfano: Voice of the Valley

Charlton Athletic, klabu ya kusini-mashariki mwa London, ilikuwa na makao katika uwanja wa The Valley tangu mwaka 1919, isipokuwa kwa kipindi kifupi. Septemba 1985 mashabiki walipewa uwanjani kikaratasi cha kuwaarifu kuwa klabu ingehama. Mechi ya mwisho ilichezwa tarehe 21 mwezi huohuo, na klabu ikawa mpangaji wa Crystal Palace katika uwanja wa Selhurst Park. Kikaratasi hicho ni kielelezo kamili cha mawasiliano ya upande mmoja: kilitoa taarifa, hakikuomba jibu.

Jibu la maandishi lilikuja Februari 1988, Voice of the Valley lilipoanzishwa chini ya uhariri wa Rick Everitt. Wafuasi walikuwa wamelalamika tangu siku ya kwanza. Jarida liliongeza mambo ambayo malalamiko ya mdomo hayakuweza kuyabeba: kumbukumbu ya ahadi, ulinganisho wa kauli ya jana na ya leo, na maswali yaliyorudiwa toleo baada ya toleo hadi kunyamaza kukawa jibu baya. Machi 1989 klabu ilitangaza nia ya kurudi, na mashabiki wakaenda wenyewe kufyeka magugu yaliyokuwa yameuvamia uwanja.

Kizuizi kilichofuata kilitoka kwa serikali ya mtaa. Januari 1990 halmashauri ya Greenwich iliukataa mpango wa kuujenga upya uwanja huo. Wafuasi wakaunda chama cha siasa, Valley Party, na kusimamisha wagombea katika uchaguzi wa halmashauri wa Mei 1990 katika viti 60 kati ya 62. Hawakupata kiti hata kimoja. Walipata kura 14,838, takriban asilimia 11 ya zote. Mwaka uliofuata kibali kilitolewa, na tarehe 5 Desemba 1992 Charlton ilicheza tena The Valley na kuifunga Portsmouth bao 1–0.

Si sahihi kusema kwamba jarida peke yake liliirejesha klabu. Gazeti la mtaa, fedha za wakurugenzi na mikutano ya hadhara vilichangia. Hata hivyo, mfuatano wake una funzo. Kampeni ya uchaguzi ilihitaji watu waliokwisha kuzoea kuandika hoja fupi, kuhakiki madai, kuchapa kwa gharama nafuu na kusambaza kwa mkono. Ujuzi huo walikuwa wameupata kwa miaka miwili ya kuandika kuhusu kandanda.

6.0 Hali ilivyo Afrika Mashariki

Ukanda wetu hauna upungufu wa lugha ya mashabiki. Simba, iliyoitwa Sunderland hadi mwaka 1971, na Yanga zimezalisha majina ya heshima kama Wekundu wa Msimbazi na Wanajangwani, na majina ya utani kama utopolo na makolo. Nchini Kenya, mchezo kati ya Gor Mahia na AFC Leopards huitwa wa Mashemeji; neno moja la ukoo limebeba historia ya jamii mbili zinazooana na kushindana. Lubumbashi, mji wa TP Mazembe, ushabiki huzungumzwa katika Kiswahili cha huko, chenye sura yake.

Tofauti iko katika njia ya kupitia. Maneno haya husafiri kwa redio, kwa vijiwe vya kahawa na kwa simu. Gazeti la michezo hulipokea neno likiwa limekwisha kukomaa. Mtafiti anayetaka kujua neno fulani la utani lilianza lini, kwa nani na kwa maana gani hukosa ukurasa wenye tarehe ulioandikwa na shabiki mwenyewe. Mwenzake wa Uingereza anaweza kufungua majarida ya miaka ya 1980 maktabani.

Hasara hiyo si ya wanaisimu peke yao. Klabu kubwa za Tanzania zimekuwa katika mjadala wa kuingia mfumo wa hisa ambamo wanachama wanabaki na asilimia 51. Ni badiliko litakaloamua nani aitwe mwenye klabu kwa vizazi vijavyo. Kumbukumbu za maofisi zitahifadhiwa. Katiba na mikataba itakuwapo. Hoja za shabiki wa kawaida, za kuunga mkono na za kupinga, zimesemwa kwa sauti na kwa ujumbe wa simu unaofutika. Miaka 30 ijayo historia ya badiliko hilo huenda ikaandikwa kana kwamba mashabiki walishangilia tu.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Majarida ya mashabiki yanaonesha kwamba maandishi ya watu wasio na cheo huwa na uzito pale yanapokuwa na tarehe, yanapotoka kwa mfululizo na yanapohifadhiwa. Kutokana na hayo, makala inapendekeza mambo matatu.

Kwanza, maktaba za taifa zinazopokea nakala za vitabu na magazeti kwa mujibu wa sheria zipokee pia machapisho ya vikundi vya mashabiki, hata yale ya kurasa chache yasiyo na mchapishaji anayetambulika. Pili, idara za Kiswahili za vyuo vikuu ziwaelekeze wanafunzi kukusanya lugha ya mashabiki kwa tarehe, mahali na klabu, kwa ridhaa ya wasemaji, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iratibu mkusanyo huo ili data za Dar es Salaam, Nairobi na Lubumbashi ziweze kulinganishwa. Tatu, mashirikisho na mabaraza ya michezo yanapokusanya maoni kuhusu umiliki wa klabu au usalama wa viwanja, yaombe maoni ya maandishi kutoka kwa vikundi vya mashabiki na kuyajibu kwa maandishi.

Pendekezo la tatu ndilo gumu zaidi, kwa kuwa linamtaka mwenye mamlaka akubali kuulizwa swali lilelile toleo baada ya toleo. Ndilo pia litakaloamua kama yale mawili ya kwanza yatahifadhi mazungumzo hai au masalia.