Baiskeli ya gia ya kwanza: Mzazi, tazama breki kabla ya shokapu

Mtoto anapoomba baiskeli ya gia, macho yake huenda kwenye rangi, shokapu na idadi ya gia. Muuzaji analijua hilo. Mzazi mwenye bajeti ndogo atazame kwingine, kwa sababu kwenye baiskeli ya bei ya chini, pesa iliyoingia kwenye urembo mara nyingi imepunguzwa kwenye breki na magurudumu.

Baiskeli za milimani zilipata umaarufu Marekani miaka ya 1970, vijana wa Marin, California, walipoteremka milima kwa baiskeli kuukuu. Breki zilizokuwa ndani ya kitovu cha gurudumu zilipata moto hadi grisi ikaungua, ikabidi waweke nyingine. Kwa mtoto wa Lushoto au Mbeya hofu ni ileile: kupanda kutamchosha tu, lakini kushuka bila breki kunaweza kumuumiza vibaya.

Saizi
Usinunue kubwa ili "aikulie". Asimame ameipanua miguu juu ya fremu, nyayo zote chini, na ibaki nafasi ya sentimita tano hivi. Gurudumu la inchi 20 huwafaa wengi wa miaka 6 hadi 9, na la 24 wa miaka 9 hadi 12, lakini urefu wa mtoto ndio uamue.

Breki
Bana breki ya mbele, kisha isukume baiskeli. Gurudumu lisizunguke, na mkono wa breki usiguse usukani. Hakikisha vidole vya mtoto vinaufikia. Breki nzuri za kubana rimu ni bora kuliko za diski zilizo hafifu, na mipira yake ni rahisi kubadilisha.

Magurudumu
Linyanyue gurudumu ulizungushe. Rimu ikiyumba kushoto na kulia, spoki zimelegea au rimu imepinda. Litikise pia kwa pembeni. Likicheza, beringi zina kasoro au hazijakazwa.

Gia
Gia 21 maana yake ni sproketi tatu mbele na saba nyuma, na nyingi kati ya hizo hukaribiana uzito. Mtoto anayeanza anatosheka na saba. Kuona jina la Shimano kwenye kifaa kimoja hakuthibitishi vingine vyote, hivyo jaribu kubadilisha gia zote huku gurudumu likizunguka.

Shokapu na fremu
Shokapu za bei ndogo huongeza uzito, na ile ya nyuma hula nguvu za mtoto anapokanyaga pedeli. Uma mgumu usio na shokapu una vichache vya kuharibika. Fremu ya chuma ni nzito, lakini ikipasuka fundi wa mtaani anaweza kuichomelea. Ya alumini ni nyepesi, ila kuichomelea kunataka fundi maalumu. Kwa baiskeli ya mtumba, kagua maungio yote kama yana nyufa.

Usimalize pesa yote dukani. Bakiza ya kofia ngumu, pampu na fundi wa kukaza kila nati kabla ya safari ya kwanza. Kama haitoshi vyote, punguza gia, usipunguze kofia.