Daftari Hutangulia Fedha

Tarehe 25 Machi 2020, siku kumi na mbili baada ya Kenya kuthibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa Covid-19, Rais Uhuru Kenyatta alihutubia taifa na kutangaza nafuu za kodi. Mfanyakazi anayelipwa hadi shilingi 24,000 kwa mwezi asikatwe kodi ya mapato hata senti moja. Kiwango cha juu cha kodi hiyo kishuke kutoka asilimia 30 hadi 25. Kodi ya faida ya kampuni nayo ishuke vivyo hivyo, VAT itoke asilimia 16 hadi 14, na kodi ya mauzo wanayotozwa wafanyabiashara wadogo itoke asilimia 3 hadi 1.

Chukua kalamu tufanye hesabu. Karani wa shilingi 24,000, kwa viwango vya zamani, alikuwa akikatwa takriban shilingi 1,580 kila mwezi. Sasa zote zikabaki mfukoni mwake. Meneja wa shilingi 300,000 alikuwa akikatwa kama 82,650. Kwa viwango vipya akakatwa kama 66,500. Yeye akabakiwa na zaidi ya shilingi 16,000, mara kumi ya alizobakiwa nazo karani. Je, muuza mitumba wa soko la Gikomba, Nairobi, ambaye kafyu ya saa moja jioni ilimfukuza barabarani wakati ule ule wateja wake wanapotoka kazini? Huyo hana hati ya mshahara. Nafuu yake hapo ilikuwa sifuri.

Hesabu hii haimsuti mtu yeyote wa Hazina ya Kitaifa. Ofisa anayeagizwa kuwafikishia pesa mamilioni ya watu kabla ya mwezi kwisha hushika chombo kilicho karibu na mkono, na nchini Kenya chombo hicho kilikuwa mfumo wa mamlaka ya kodi, KRA, wa kukata kodi kwenye mishahara. Shida ni kwamba zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini ni za jua kali: wauzaji wa sokoni, waendesha bodaboda, mafundi, vibarua wa mjengo, wasusi, mama mboga. Hao hawakuwemo katika chombo kilichoshikwa. Janga linapotokea watu hubishana sana kuhusu mabilioni mangapi yatolewe, ilhali swali la nani atayapata huwa limekwisha kujibiwa miaka mingi kabla, siku majina yalipoandikwa daftarini au yalipoachwa nje.

Tazama Uingereza. Tarehe 20 Machi 2020 Rishi Sunak, aliyekuwa waziri wa fedha, alitangaza kwamba serikali ingelipa asilimia 80 ya mshahara wa mfanyakazi aliyepumzishwa nyumbani, mwisho pauni 2,500 kwa mwezi. Mwajiri hakutakiwa kumfuta kazi. Alitakiwa kumweka kwenye orodha ya walipwaji na kudai pesa kwa mamlaka ya kodi. Mwezi mmoja baadaye, siku ya kwanza mfumo ulipofunguliwa, waajiri zaidi ya 140,000 waliwasilisha madai. Mpango ulipofungwa Septemba 2021 ulikuwa umegusa ajira zipatazo milioni 11.7 na kugharimu karibu pauni bilioni 70.

Kasi hiyo ilitokana na jambo lisilovutia macho ya waandishi wa habari. Tangu 2013 waajiri wa Uingereza hutakiwa kuiarifu mamlaka ya kodi kila wanapolipa mshahara, kwa jina, kiasi na tarehe. Kwa hiyo mwajiri alipodai kwamba anawalipa wahudumu ishirini wa mkahawa, dai lake lingeweza kulinganishwa na alichokiandika mwenyewe mwezi uliopita. Na huko pia daftari liliacha watu nje. Aliyeanza kazi siku chache baada ya tarehe ya kikomo, mtu aliyejiajiri karibuni, mwenye kampuni ndogo anayejilipa gawio badala ya mshahara: taasisi ya ukaguzi ya nchi hiyo ilikadiria kuwa karibu watu milioni tatu hawakustahili kupata chochote katika mipango hiyo ya mishahara. Nchi tajiri yenye rekodi safi ilishindwa kuwaona watu milioni tatu.

Hapa inafaa nieleze kwa nini serikali hupitishia pesa kwa mwajiri badala ya kumpa mfanyakazi moja kwa moja. Biashara inaweza kuwa na wateja wa kudumu, stadi wazuri na sifa sokoni, ikafa kwa sababu ya miezi mitatu ya kukosa fedha za kulipia pango na mishahara. Ikifa, kuifufua ni ghali: wafanyakazi wametawanyika, mashine zimeuzwa, wasambazaji wamepata wateja wengine. Wajerumani walilielewa hili mapema. Kwa miongo mingi wamekuwa na mpango unaomruhusu mwajiri kupunguza saa za kazi huku mfuko wa ajira ukifidia sehemu kubwa ya mshahara uliopotea, na mwezi Aprili 2020 wafanyakazi wapatao milioni sita walikuwa chini yake. Hawakubuni kitu kipya. Waligeuza ufunguo tu.

Lakini msaada wa biashara una mtego wake, na punguzo la kodi ya faida ni mfano mzuri. Kodi ya faida hulipwa na aliyepata faida. Hoteli ya Diani iliyofunga milango mwaka 2020 ilipata hasara, na asilimia 25 ya hasara hailipwi kwa mtu. Aliyenufaika ni yule ambaye biashara yake iliendelea vizuri katikati ya janga. Kodi ya mauzo nayo ni hivyo hivyo: asilimia 1 ya mauzo ambayo hayapo ni sawa na asilimia 3 yake. Nafuu ya kodi humfuata anayeuza, na aliyelala njaa ni yule asiyeuza.

Mikopo ilifanya kazi vizuri zaidi, angalau kwa aliyekuwa nayo tayari. Benki Kuu ya Kenya iliziruhusu benki kuwasogezea wateja muda wa kulipa, na kufikia Februari 2021 mikopo ya shilingi trilioni 1.7, zaidi ya nusu ya mikopo yote ya benki, ilikuwa imepangwa upya. Mpango wa serikali wa kudhamini mikopo ya biashara ndogo ulianza kwa mtaji wa shilingi bilioni 3. Linganisha trilioni 1.7 na bilioni 3, utajua aliyekuwa na deni benki alisikika kuliko aliyekuwa akiomba mkopo kwa mara ya kwanza.

Uingereza ilijaribu kuufungua mlango wa mikopo kwa nguvu. Ilitoa mikopo ya hadi pauni 50,000 kwa biashara ndogo, serikali ikidhamini asilimia 100, na mwombaji akijieleza mwenyewe bila uchunguzi mkubwa. Pauni zipatazo bilioni 47 zilitoka, na wezi wakapanga foleni pamoja na wahitaji. Januari 2022 Lord Agnew, waziri aliyekuwa na dhamana ya kupambana na udanganyifu, alijiuzulu mbele ya Baraza la Mabwana kwa hasira ya jinsi wizi huo ulivyoshughulikiwa. Marekani nako wachumi wakiongozwa na David Autor walichunguza mpango wa mikopo ya mishahara, ulioteketeza karibu dola bilioni 800, ambamo mkopo ulifutwa iwapo masharti yalitimizwa. Walikadiria kwamba robo hadi theluthi tu ya fedha ilikwenda kwa wafanyakazi ambao vinginevyo wangepoteza kazi. Nyingine ziliwaendea wenye biashara, wenye hisa na wadai wao. Pasipo daftari la kuaminika, serikali huchagua kati ya kuchelewa na kuibiwa.

Turudi Nairobi. Kwa wasio na mshahara, serikali ya Kenya ilitumia njia tatu. Ya kwanza ni mpango wa Inua Jamii, ambao tayari ulikuwa ukiwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi, yatima na watu wenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Majina yalikuwepo, basi shilingi bilioni 10 zilizotangazwa kwa ajili ya wanyonge zikapata pa kuanzia. Ya pili ni Kazi Mtaani, ambapo vijana wa mitaa ya mabanda walifagia barabara na kuzibua mitaro kwa ujira wa siku. Awamu ya pili, iliyoanza Julai 2020, ilikusudia kuwaajiri zaidi ya vijana 270,000. Mpango huu ulikuwa na hekima fulani: anayekubali kushika koleo juani kwa shilingi 455 kwa siku amejichagua mwenyewe, huhitaji kumchunguza sana.

Ya tatu ilikuwa shilingi 1,000 kwa wiki, kwa M-Pesa, kwa familia zilizoathirika mitaani. Hapo daftari halikuwepo, likatungwa papo kwa papo na machifu, wazee wa mitaa na wa Nyumba Kumi. Shirika la Human Rights Watch lilipochapisha uchunguzi wake Julai 2021 lilikuta kwamba familia nyingi zilizostahili hazikupata, vigezo havikujulikana, na kujuana kulitumika. Sishangai. Mpe mzee wa mtaa nafasi kumi na majirani mia wenye njaa, na umemwekea mtihani ambao wengi wetu tungefeli. Lawama kubwa ninaipeleka kwa aliyemwachia kazi hiyo bila vigezo vilivyobandikwa ukutani wala mahali pa kukata rufaa.

Wakati huo huo, nchi ndogo ya Afrika Magharibi ilikuwa ikifanya kitu ambacho wizara zetu hazina budi kukisoma kwa makini. Togo ilikuwa imefanya uchaguzi wa rais Februari 2020, na kabla yake ilikuwa imeandikisha wapiga kura upya. Kadi ya mpiga kura ilikuwa na kitu adimu: kazi ya mtu. Tarehe 8 Aprili serikali ikazindua mpango uitwao Novissi. Mshonaji au dereva wa pikipiki wa Lomé alibonyeza *855# kwenye simu yoyote, hata ya kibonyezo, akaingiza namba ya kadi yake. Mfumo ukaangalia anaishi wapi na anafanya kazi gani, na akistahili pesa zikaingia kwenye simu. Wanaume walipata faranga 10,500 kwa mwezi na wanawake 12,250, kwa mafungu mawili. Waziri Cina Lawson na wenzake walichukua mfumo wa malipo uliopo, wakauunganisha na daftari lililopo, na hawakuhitaji chifu.

Novissi ilikuwa na upofu wake. Asiye na kadi ya kura hakuwepo, asiye na simu hakuwepo, na kijijini karibu kila mtu ameandikwa mkulima, kwa hiyo kazi haikuweza kutenganisha maskini na asiye maskini. Ndipo walipoungana na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na shirika la GiveDirectly kukadiria umaskini kwa picha za setilaiti na mienendo ya matumizi ya simu. Njia hii ina utata wake. Kumwambia mtu kwamba amenyimwa msaada kwa sababu kompyuta imesoma simu zake si jambo dogo, na anastahili kupata binadamu wa kumlalamikia.

Tanzania ilishika njia nyingine kabisa. Bara haikufunga watu majumbani, na mwaka 2020 hakukuwa na mpango wa kulipia mishahara, ingawa watalii walipungua kutoka takriban milioni 1.5 mwaka 2019 hadi kama 620,000. Wagumu wanaobeba mizigo Kilimanjaro walijua maana ya tarakimu hizo. Fedha zilikuja Oktoba 2021, shilingi za Tanzania trilioni 1.3 zilizotokana na mkopo wa IMF, na Rais Samia Suluhu Hassan akazielekeza zaidi kwenye huduma. Watu wengi wanayakumbuka madarasa 15,000, kwa shilingi milioni 20 kila moja. Fundi uashi na muuza kokoto wa wilayani walipata kazi, na jengo likabaki. Mgumu wa Moshi hakulipwa fidia, ila pengine mwanawe alipata dawati.

Hatua ninayoiona bora kuliko zote katika ukanda wetu haikuitwa msaada wa biashara. Machi 2020, kwa makubaliano na Benki Kuu ya Kenya, ada za kutuma pesa kwa simu hadi shilingi 1,000 ziliondolewa, na zikabaki zimeondolewa hadi mwisho wa mwaka. Hakuna aliyejaza fomu wala aliyeitwa na chifu. Mama mboga aliyepokea shilingi 80 za sukuma na nyanya, na mtoto aliyemtumia mama yake mia tatu kijijini, walinufaika kwa sababu tayari walikuwa watumiaji. Ilikuwa nafuu ndogo, lakini ilifika.

Tangu wakati huo Kenya imekusanya majina mengi. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 2022, imewafikia mamilioni ya watu kwa mikopo inayoanzia shilingi 500, wengi wao wakiwa wa jua kali. Bima mpya ya afya ya SHA, iliyoanza Oktoba 2024, inawauliza wasio na mshahara kuhusu nyumba, maji na mifugo yao ili kukadiria mchango wao. Kwa mara ya kwanza tunakaribia kuwa na picha ya watu ambao mwaka 2020 hawakuonekana.

Ila muulize muuza mitumba kama anataka kuonekana. Uzoefu wake ni kwamba anayeandika jina lake leo huja kesho na risiti ya kodi au ada ya kaunti. Akidhani dodoso la bima litaishia KRA, atasema ana kuku wawili hata kama ana lori. Daftari la uongo halitasaidia mtu janga lijalo. Ndiyo maana ningependa Bunge litamke kwa sheria, kabla ya dharura nyingine, kwamba taarifa zilizokusanywa kwa ajili ya msaada haziwezi kutumika kumtoza mtu kodi, na kwamba mwananchi ana haki ya kuona kilichoandikwa juu yake na kukisahihisha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 imeweka msingi wa hayo mawili ya mwisho. Hilo la kwanza ndilo wanasiasa watalipinga, kwa sababu Hazina yenye deni haipendi kuahidi kutochungulia.