Misuli kukubana: usikimbilie vidonge vya madini

JE, umewahi kuwa uwanjani, mechi imebakisha dakika kumi, mara shavu la mguu likakaza kama jiwe ukaanguka kwa maumivu? Ikiwa unafanya mazoezi jioni huko Likoni, Kisauni au Changamwe, jambo hili huenda limekupata wewe au mwenzako. Wengi huambiwa papo hapo kwamba wamepungukiwa na madini, na kesho yake huenda duka la dawa kununua vidonge. Je, vinasaidia?

Ni kweli kwamba misuli huhitaji madini. Sodiamu na potasiamu huwezesha neva kupitisha ujumbe, kalisi huufanya msuli ujikunje, nayo magnesiamu husaidia ulegee. Lakini jasho halitoi madini haya kwa kiasi sawa. Lita moja ya jasho yaweza kuwa na karibu gramu moja ya sodiamu, iliyomo katika chumvi, ilhali potasiamu ni kidogo na magnesiamu ni kidogo zaidi.

Mwaka 1923, mtaalamu Moss wa Uingereza alieleza kuwa wachimbaji wa makaa ya mawe waliotoka jasho jingi kisha wakanywa maji matupu walibanwa na misuli. Chumvi katika maji iliwasaidia.

Hata hivyo, chumvi si sababu ya pekee. Mwaka 1997, Schwellnus na wenzake wa Afrika Kusini walieleza kwamba msuli uliochoka huvuruga neva zinazouongoza, ukashindwa kulegea. Ndiyo maana misuli hubana mwishoni mwa mechi, au siku unapokimbia kuliko ulivyozoea. Kuhusu vidonge vya magnesiamu, uchunguzi wa mwaka 2020 uliokusanya majaribio mbalimbali haukupata hata jaribio moja lililofaa kuhusu wanaobanwa kwa sababu ya mazoezi.

Joto la Mombasa nalo si la kuchezea. Machi 24, 2007, katika mbio za nyika za dunia zilizofanyika kisiwani, karibu na feri ya Likoni, bingwa Kenenisa Bekele wa Ethiopia alishindwa kumaliza kwa joto na unyevu. Ikiwa bingwa alishindwa, wewe jihadhari.

Ufanye nini basi?

* Msuli ukibana, simama, unyooshe polepole na uukande. Ikiwa ni shavu la mguu, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako, goti likiwa limenyooka.

* Ongeza mazoezi kidogo kidogo, na ufanye asubuhi mapema au jua likishuka.

* Kunywa maji ukisikia kiu. Usijilazimishe lita baada ya lita. Katika mbio za Boston za mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu, na asilimia 13 sodiamu yao ilikuwa imeshuka kupita kiasi. Hali hiyo yaweza kuua.

* Ukitoka jasho zaidi ya saa moja, kula kitu chenye chumvi kidogo. Dafu na ndizi zina potasiamu nyingi, lakini dafu peke yake halirudishi chumvi yote.

* Mchicha, kunde, maharagwe, korosho, maziwa na dagaa hukupa madini mengine kwa bei nafuu kuliko vidonge.

* Ukiwa umefunga Ramadhani, fanya mazoezi mazito baada ya kufuturu.

Ikiwa una shinikizo la damu au ugonjwa wa figo, usiongeze chumvi wala usimeze vidonge vya potasiamu bila kumwona daktari. Potasiamu ikizidi yaweza kusimamisha moyo.

Nenda hospitali haraka ukikojoa mkojo mweusi kama chai ya rangi baada ya mazoezi, mguu mmoja ukivimba, au mwenzako akianza kuchanganyikiwa. Pia, ikiwa misuli inakubana mara kwa mara hata ukiwa umepumzika, pimwa damu kwanza. Huenda ni kisukari, figo au dawa unazotumia, na vidonge vya madini vitakuchelewesha tu kupata tiba.