Saa Zinazohesabu Pesa za Masisi na Walikale

Mfanyabiashara wa Walikale akipokea malipo kwa simu saa sita na nusu usiku, tarehe 1 Januari, Kinshasa bado ni saa tano na nusu usiku, tarehe 31 Desemba. Magharibi mwa Kongo iko saa moja mbele ya saa ya dunia, UTC. Mashariki, maeneo ya Masisi na Walikale ya mkoa wa Kivu Kaskazini yakiwemo, iko saa mbili mbele. Mfumo uliowekwa kwa saa ya Kinshasa utayaandika malipo hayo katika mwaka uliokwisha, na mhasibu wa Walikale atakuwa na vitabu viwili visivyokubaliana.

Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Goma, mji mkuu wa Kivu Kaskazini, na benki zikafunga milango. Wenye biashara wakazidi kuegemea huduma za pesa kwa simu: M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Pesa ikiwa namba tu kwenye simu, saa iliyoandikwa kando yake ndiyo shahidi wa kwanza watu wanapogombana.

Ili kuona saa kama hiyo inavyoweza kutunzwa, tazama benki: nyingi kubwa duniani bado huweka hesabu zao kwenye kompyuta kuu (mainframe). Zile za IBM, tangu kizazi cha System/370 cha mwaka 1970, zina saa ya ndani inayohesabu kuanzia 1 Januari 1900, na hesabu hiyo ya biti 64 itajaa tarehe 17 Septemba 2042. Kwa kawaida saa hiyo huwekwa kwa UTC, na saa ya mahali huongezwa wakati wa kuonyesha tu. Naona huo ndio utaratibu unaofaa nchi yenye saa mbili: kumbukumbu moja ndani, na risiti inayotaja wazi ni saa ya wapi.

Ugumu unazidi mashine zinapokuwa kadhaa. Fuwele ya kwatsi inayoendesha saa ya mashine, ikiwa na kosa la sehemu 20 kwa milioni, hupotoka sekunde 1.7 kwa siku. Mashine mbili zinazoshika akaunti moja zikiachana kiasi hicho, pesa iliyotolewa baadaye inaweza kuonekana imetoka kabla ya ile ya kwanza, na salio lisieleweke. Ndiyo maana mwaka 1990 IBM ilileta Sysplex Timer, kifaa cha kuzipa mashine zote saa moja. Siku hizi mashine zenyewe hupeana saa kwa nyaya zinazoziunganisha.

Lakini saa hiyo sharti itoke mahali, na mara nyingi chanzo ni setilaiti za GPS. Minara mingi ya simu nayo huitegemea. Mwishoni mwa 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza jinsi mawimbi ya GPS yalivyovurugwa Kivu Kaskazini, hata upande wa Sake, ndani ya Masisi. Waliosumbuka hadharani ni marubani na waendesha droni. Hata hivyo, mawimbi yanayoionyesha ndege njia ndiyo hayo hayo yanayobeba saa, na wenye mitandao ya pesa wanapaswa kuisoma habari hiyo kama inawahusu.

Kinga ipo. Saa ya atomiki ya rubidi iliyofungwa mnarani huweza kukaa siku nzima bila setilaiti, ikipotoka maikrosekunde chache tu. Wakala wa pesa za simu wa Rubaya, huko Masisi, hawezi kujua kama mnara wake unayo. Mdhibiti wa mawasiliano, ARPTC, anaweza kuwauliza wenye kampuni huko huko Kinshasa, bila kusubiri barabara ya Masisi ifunguke.