Kununua Dawa Marekani: Bima au Kadi ya Punguzo?

Kila mwaka wako vijana kutoka shule zetu waendao Marekani kusoma au kufanya kazi. Kabla ya kuondoka hupewa mashauri mengi, juu ya baridi, juu ya chakula, juu ya kodi ya nyumba. Lakini ni wachache waambiwao jinsi ya kununua dawa. Huko mtu aweza kulipa dola 28 kwa kichupa cha vidonge, na mwenzake aliye nyuma yake akalipa dola 11 kwa vidonge vile vile, katika duka lile lile, siku ile ile. Tena yule aliyelipa zaidi ndiye mwenye bima. Jambo hili lastaajabisha, na mgeni asiyelijua huenda akapoteza fedha nyingi, au akaacha kutumia dawa kwa kuwa bei imemshinda. Basi na tulieleze.

Kwa nini bei si moja

Marekani hakuna bei moja ya dawa iliyowekwa na serikali kwa watu wote. Kati ya kiwanda, duka la dawa na kampuni ya bima yako makampuni ambayo twaweza kuyaita madalali wa dawa. Kazi yao ni kupatana bei kwa niaba ya wenye bima. Yaliyo makubwa ni matatu: CVS Caremark, Express Scripts na Optum Rx. Hayo matatu hushughulikia kama vyeti 8 katika kila vyeti 10 vya dawa nchini humo. Kila patano lina bei yake. Kwa hiyo mtu hawezi kuuliza tu, "Dawa hii ni bei gani?" Hana budi kuuliza, "Ni bei gani kwa patano hili, na ni bei gani kwa lile?" Kadi ya bima ni mlango mmoja, na kadi ya punguzo ni mlango mwingine.

Bima

Mwenye bima hulipa ada kila mwezi, awe mgonjwa au mzima. Lakini asidhani kwamba akiisha kulipa ada, dawa zote zitakuwa rahisi. Bima nyingi zina kiasi cha mwanzo, ambacho mgonjwa hukilipa mwenyewe kila mwaka kabla kampuni haijaanza kumsaidia. Kiasi hicho kikiisha, mgonjwa hulipa fungu lake tu, ama fedha maalum kwa kila dawa, ama sehemu fulani ya bei. Juu ya hayo, kila bima ina orodha ya dawa inazozikubali. Dawa isiyokuwamo hailipiwi, au hulipiwa baada ya daktari kuomba ruhusa.

Faida kubwa ya bima ni kwamba ina kikomo. Kwa bima zinazofuata sheria ya afya ya mwaka 2010, mtu mmoja hawezi kutozwa zaidi ya kiasi kilichowekwa kwa matibabu yanayokubaliwa na bima yake, bila kuhesabu ada. Mwaka 2025 kiasi hicho kilikuwa dola 9,200. Ni fedha nyingi, lakini ugonjwa mkubwa waweza kugharimu mara nyingi zaidi ya hizo.

Kadi ya punguzo

Kadi ya punguzo si bima. Nyingi hutolewa bure, kwa karatasi au katika simu, wala mtu haulizwi habari za ugonjwa wake. Kampuni ijulikanayo sana ni GoodRx, iliyoanzishwa California mwaka 2011. Kadi haikulipii hata senti moja. Kazi yake ni kukuingiza katika patano la dalali, ili ulipe bei iliyopunguzwa, nawe wailipa yote mwenyewe. Mtu akiuliza, "Nao wapata faida gani?" jibu ni kwamba duka hutoa ada kila dawa iuzwapo kwa kadi, na dalali humgawia mwenye kadi.

Kadi hufaa zaidi kwa dawa za kawaida ambazo haki ya kiwanda kimoja imekwisha, na viwanda vingi vyazitengeneza. Kwa dawa mpya za kiwanda kimoja tu, mara nyingi punguzo ni dogo.

Hesabu mbili

Sasa tufanye hesabu. Ni mfano tu, lakini waonyesha njia. Tuseme vijana wawili wana bima ya namna moja, yenye kiasi cha mwanzo cha dola 1,000, na baada ya hapo mgonjwa hulipa sehemu 20 katika kila 100.

Kijana wa kwanza ana shinikizo la damu. Vidonge vyake ni dola 28 kwa mwezi kwa bei ya bima, na dola 11 kwa kadi. Kwa mwaka, bima ni dola 336, kadi ni dola 132. Kiasi cha mwanzo hakukifikia, kwa hiyo bima haikumsaidia kitu. Akitumia kadi ameokoa dola 204.

Kijana wa pili ana ugonjwa wa kutaka dawa ghali. Bei ya bima ni dola 600 kwa mwezi, na kadi ni dola 540. Mwezi wa Januari akitazama bei tu ataona kadi ni bora. Lakini kwa mwaka mzima kadi ni dola 6,480. Akitumia bima, atalipa dola 1,000 za mwanzo, kisha sehemu 20 katika kila 100 ya dola 6,200 zilizobaki, yaani dola 1,240. Jumla ni dola 2,240. Ile dola 60 aliyoiona kuwa faida ingalimletea hasara ya dola 4,240.

Tena, kama huyu wa pili naye atumia vile vidonge vya shinikizo la damu, tangu mwezi wa Machi atalipa dola 5 na senti 60 tu kwa bima, kwa kuwa kiasi cha mwanzo kimekwisha. Vidonge ni vile vile, lakini kadi ni nafuu kwa mmoja na bima ni nafuu kwa mwingine. Hivyo tusifuate tu alivyofanya rafiki.

Mambo ya kuangalia

Kadi na bima hazitumiki pamoja kwa dawa moja, hata kwa wazee walio katika bima ya serikali iitwayo Medicare. Huchaguliwa moja. Fedha ulizolipa kwa kadi, kwa kawaida hazihesabiwi katika kiasi cha mwanzo wala katika kikomo cha mwaka, ingawa bima nyingine hukubali ukiwapelekea stakabadhi.

Pili, bei ya kadi hutofautiana toka duka hata duka, na hubadilika. Lakini mtu akinunua dawa huku na huku, hakuna mwuza dawa mmoja ajuaye dawa zake zote, nazo dawa nyingine hazipatani. Basi mwambie kila mmoja dawa zote unazotumia.

Tatu, kilicho bure kina bei yake. Mwezi wa Februari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba GoodRx italipa faini ya dola milioni 1 na nusu, kwa madai ya kuwapa makampuni ya matangazo habari za afya za wateja bila ruhusa yao. Soma masharti kabla ya kuandika jina lako.

Maswali ya kuuliza dukani

Zamani mapatano mengine yalimkataza mwuza dawa kumwambia mteja kwamba angeweza kulipa kidogo bila kutumia bima. Mwezi wa Oktoba 2018 sheria mbili zilitiwa sahihi ili kuondoa makatazo hayo. Lakini tuelewe vema: sheria ilimfungulia mwuza dawa kinywa, haikumlazimisha kusema. Kuuliza ni juu ya mnunuzi. Maswali ni haya:

1. Nikitumia bima yangu, nitalipa kiasi gani leo?
2. Nikitumia kadi hii ya punguzo, je?
3. Bei yenu ya fedha taslimu ni ngapi? (Tangu mwaka 2006, kwa mfano, maduka ya Walmart yalianza kuuza dawa kadha za kawaida kwa dola 4 kwa siku 30.)
4. Je, iko dawa ya namna hii hii iliyo rahisi zaidi, ambayo daktari aweza kuikubali?

Swali la tano ujiulize mwenyewe: Je, mwaka huu nitatumia dawa nyingi hata kukimaliza kiasi cha mwanzo? Ukijibu ndiyo, shika bima tangu Januari. Ukijibu siyo, linganisha bei kila mara. Wala usiiache bima yako kwa sababu kadi ni bure, maana kadi haitalipa hospitali siku utakapovunjika mguu.

Wengine huona haya kuuliza bei mbele ya watu. Dukani huko hakuna haya. Mwuza dawa huulizwa maswali hayo kila siku, naye huweza kujibu kwa dakika chache. Bei ikikushinda hata hivyo, usiondoke kimya wala usikate kidonge nusu kwa shauri lako mwenyewe. Rudi kwa daktari umwambie, kwa maana dawa iliyobaki dukani haimponyi mtu.